Shirika dogo, muungano mkubwa: kabla hujasaini barua ya ubia

Swali: Naongoza shirika dogo mkoani Lindi. Tuko wafanyakazi wanne na tunafanya kazi na wakulima wa ufuta. Shirika moja la Ulaya limetuomba tuingie kwenye muungano wa mashirika matano ili kuomba fedha za Umoja wa Ulaya, mradi wa miaka mitatu unaoitwa wa biashara ya haki na maendeleo yenye maadili. Wametutumia barua ya ubia tuisaini ndani ya siku tisa. Andiko lenyewe la mradi hatujaliona, tumepewa muhtasari wa kurasa mbili. Bajeti pia hatujaiona, tumeambiwa tu kwamba sehemu yetu ni Euro 90,000. Bodi yangu imegawanyika. Wapo wanaosema bahati haiji mara mbili, na wapo wanaosema tunatafutwa kwa ajili ya picha tu. Miungano ya namna hii inawasaidia kweli watu wetu? Na tutajuaje kama huu ni wa haki?

Jibu: Dada Mratibu, pande zote mbili za bodi yako zina hoja. Ushauri wetu ni kwamba barua hiyo msiisaini kama ilivyo, na mwaliko wenyewe msiukatae. Siku tisa zinatosha kuomba vitu vinne kwa maandishi: andiko kamili hata kama ni rasimu, bajeti ya wabia wote watano na si sehemu yenu peke yake, rasimu ya mkataba utakaowafunga ninyi na kiongozi wa muungano, na maelezo ya namna gharama za uendeshaji zitakavyogawanywa. Anayesita kukuonyesha bajeti nzima leo, wakati anaihitaji saini yako, hatakuwa na sababu ya kukuonyesha akishaipata.

Kuhusu swali la maadili, usihangaike sana na ukurasa wa dira na tunu. Kila muungano una ukurasa mzuri wa namna hiyo. Tazama mambo matatu: nani ana kura, nani anaweza kumshtaki nani ahadi ikivunjwa, na fedha zinapita mikononi mwa nani kwa masharti gani. Uzuri ni kwamba kuna tukio moja ambapo miungano miwili ilizaliwa kwa sababu ileile, nchi ileile na mwaka uleule, mmoja ukiwa na meno na mwingine ukiwa na meno machache. Tulieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu linajibu swali lako kuliko nadharia yoyote.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao mafundi cherehani wa viwanda vilivyoshona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa kurudi kazini. Viwanda kadhaa vya humo vilikuwa vimewahi kukaguliwa na wakaguzi wa hiari waliolipwa na upande wa wanunuzi, na ukaguzi huo haukuokoa mtu.

Mwezi Mei mwaka huohuo ukasainiwa mkataba uliojulikana kama Accord. Upande mmoja walikaa wenye chapa za nguo, ambao hatimaye walizidi 200, na upande wa pili walikaa vyama vya wafanyakazi: mashirikisho mawili ya kimataifa, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh kwenyewe. Kamati ya uongozi iligawanywa nusu kwa nusu, na mwenyekiti asiyeegemea upande akatoka Shirika la Kazi Duniani. Ripoti za ukaguzi wa kila kiwanda ziliwekwa hadharani. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia kwenye jengo lenye hatari. Wenye chapa walibanwa kuhakikisha fedha za ukarabati zinapatikana, ama kwa kupandisha bei, ama kwa mkopo, ama kwa ruzuku. Na ahadi zote hizo zilikuwa za kisheria, kwa hiyo anayevunja alipelekwa kwa wasuluhishi. Vyama viliitumia haki hiyo kweli. Mwaka 2016 vilipeleka kesi mbili dhidi ya kampuni mbili, zikasimamiwa na Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague, na moja ikamalizwa Januari 2018 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 2.3.

Miezi miwili baada ya Accord, kampuni kadhaa za Amerika Kaskazini, zikiwemo Walmart na Gap, ziliunda muungano wao. Nao ulikagua viwanda, ukafundisha watu kuzima moto, ukaweka simu ya kupokea malalamiko. Hatusemi haukufanya kitu. Ila vyama vya wafanyakazi havikuwa wabia wenye kusaini, havikuwa na nusu ya kura, na hapakuwa na njia ambayo fundi cherehani angeweza kuitumia kumfikisha mwenye chapa mbele ya msuluhishi. Muungano huo ulifunga shughuli mwishoni mwa 2018. Accord umeendelea kwa sura mpya, na mwaka 2023 ukavuka hadi Pakistan.

Sasa rudi Lindi na muhtasari wako wa kurasa mbili. Mashirika matano yametajwa, lakini katika uliyotuandikia hatukuona AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) hata moja wala chama kikuu cha ushirika. Hilo ndilo pengo la kwanza, na ni kubwa. Ufuta wa Lindi unauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unaingia ghalani, unapigwa mnada chini ya chama kikuu, Lindi Mwambao au RUNALI kutegemea wilaya. Andiko lililoandikwa Ulaya likiahidi kwamba mnunuzi wa biashara ya haki atachukua ufuta moja kwa moja kwa mkulima kwa bei ya juu, litagonga ukuta msimu wa kwanza tu, na watakaoulizwa kijijini ni ninyi. Waulize mapema: mnunuzi huyo ataingia mnadani? Nyongeza ya bei itamfikia mkulima kwa njia ipi na makato gani? Mmezungumza na chama kikuu? Ikiwa jibu ni kwamba hayo yatafanyiwa kazi mwaka wa kwanza, basi dai AMCOS zipewe viti kwenye kamati ya uongozi tangu siku ya kwanza, zikiwa na kura. Kiti cha mwalikwa kisichopiga kura hakitoshi. Hili si ombi la ajabu. Kwenye mkutano mkuu wa Fairtrade International, wazalishaji wanashika nusu ya kura.

Kuna swali lako lingine, la faida. Mbia wa mbali ana faida gani ambayo mfadhili wa kawaida hana? Fedha ni sehemu tu, tena si sehemu kubwa. Thamani yake hasa ni kwamba yeye anaweza kumbana mtu ambaye wewe huwezi kumfikia. Mwaka 1998 kampuni za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu, na kesi iliposikilizwa Pretoria mwaka 2001 zilikuwa kampuni 39. Ndani ya nchi, Treatment Action Campaign, chama cha watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na wenzao, kiliomba kuingia mahakamani kama rafiki wa mahakama na kujaza barabara kwa maandamano. Huko nje, Madaktari Wasio na Mipaka, Oxfam na wengine walizibana kampuni hizo kwa wanahisa, wabunge na magazeti ya kwao. Wakati huohuo, Februari 2001, kampuni ya India, Cipla, ikatangaza kuuza dawa mseto kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, ilhali za kampuni kubwa zilikuwa zikigharimu dola 10,000 na zaidi. Aprili 2001 kesi ikaondolewa. Hakuna aliyemfundisha mwenzake kazi pale. Kila mmoja alimshika aliye karibu naye.

Kwa hiyo muulize kiongozi wa muungano wenu: ninyi mtafanya nini huko kwenu, ambacho sisi hatuwezi? Mtakaa na waagizaji wa ufuta? Mtasukuma wasindikaji waseme bei wanayolipa? Kama kazi yao yote iko Lindi, yaani semina, ufuatiliaji na ziara za uangalizi, basi wanafanya kazi ambayo ninyi mngeifanya kwa gharama ndogo zaidi, na bajeti itakuonyesha hivyo.

Tuingie kwenye bajeti, maana huko ndiko wengi huumia.

Kwanza jua nafasi mnayopewa inaitwaje, kwa sababu maneno yanafanana na haki hazifanani. Kwenye fedha za Umoja wa Ulaya kuna mwombaji mkuu na waombaji wenza. Mwombaji mwenza anasaini hati ya kumpa mkuu mamlaka ya kusaini mkataba kwa niaba yake, na gharama zake mwenyewe zinahesabika. Kuna mshirika tu, ambaye anashiriki kazi lakini hapati fedha zaidi ya nauli na posho ya kujikimu. Kuna mkandarasi, anayeuza huduma na kupatikana kwa zabuni. Na kuna mpokea ruzuku ndogo, anayepewa fedha na mmoja wa wabia, kwa kawaida isiyozidi Euro 60,000. Ninyi mmeambiwa Euro 90,000, hivyo yaelekea ni waombaji wenza, lakini barua iseme hivyo waziwazi. Tumeona mashirika yakisaini barua ya kuunga mkono, jina na nembo vikatumika kupata alama kwenye tathmini, kisha mradi ulipoanza yakaambiwa hayamo kwenye bajeti. Barua ya kuunga mkono haimfungi mtu kukupa hata shilingi.

Pili, gharama za uendeshaji. Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja zilipwe kama gharama za ofisi zisizodaiwa risiti. Tuseme gharama za moja kwa moja za muungano wote ni Euro 500,000. Asilimia 7 ni Euro 35,000, jumla 535,000. Desturi mbaya iliyozoeleka ni kiongozi kubaki na zote 35,000, ati yeye ndiye anayesimamia. Haki yenu kwa uwiano ni asilimia 7 ya 90,000, yaani Euro 6,300. Igawe kwa miezi 36, unapata Euro 175 kwa mwezi. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini ndizo zitakazolipa umeme, intaneti, sehemu ya kodi ya pango na mkaguzi wa hesabu wa mwaka. Bila hizo mtazitoa kwenye mradi mwingine au mfukoni mwako, na baada ya miaka mitatu shirika litakuwa limekonda huku likisifiwa kwa utekelezaji mzuri. Ukitaka hoja ya kumpa kiongozi, mwambie kwamba mwaka 2022 kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada ya kibinadamu chini ya Umoja wa Mataifa ilitoa mwongozo unaotaka wabia wa ndani wapewe gharama hizi. Marekani nayo, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kiwango cha gharama hizi kwa mashirika yasiyo na kiwango chake maalumu kutoka asilimia 10 hadi 15. Hizo hazimfungi mbia wako kisheria, lakini zinamwondolea kisingizio kwamba jambo hili halijawahi kusikika.

Tatu, uliza kuhusu mchango wa wabia. Mara nyingi mfadhili halipi asilimia 100. Kama analipa 90, ile 10 inatoka wapi? Isije ikawa 90,000 yenu ndani yake mna 9,000 mnayotakiwa kuitafuta wenyewe. Wala msidhani kwamba nguvu kazi ya wakulima au ukumbi wa kijiji vitahesabiwa. Michango ya vitu mara nyingi haikubaliwi.

Nne, na hili wachache hulitazama, jinsi awamu za malipo zinavyofunguliwa. Mfadhili hutoa awamu ya kwanza, kisha anataka angalau asilimia 70 ya awamu hiyo iwe imetumika ndipo atoe inayofuata. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa muungano mzima. Chukua mfano: awamu ya kwanza ni Euro 160,000. Ninyi mmepewa 30,000 na mmezitumia zote. Mbia wa pili alipewa 60,000, kazi yake ikakwama kwenye vibali, ametumia 10,000. Wengine watatu wana 70,000 na wametumia 60,000. Jumla iliyotumika ni 100,000, na asilimia 70 ya 160,000 ni 112,000. Hakuna atakayelipwa. Mtakaa miezi bila fedha, wafanyakazi wako wanadai mishahara, wakulima wameitwa kwenye mafunzo, na kosa si lenu. Dawa yake ni vifungu viwili katika mkataba wa ndani, yaani ule wa wabia wenyewe kwa wenyewe: kwamba kiongozi atatanguliza fedha kwa mbia aliyetimiza asilimia 70 yake, na kwamba mbia aliyekwama kwa zaidi ya miezi sita sehemu ya bajeti yake inaweza kuhamishiwa kwa wengine kwa kura ya kamati. Shirika la Ulaya lenye akiba linaweza kutanguliza. Shirika la watu wanne haliwezi, na wao wanajua.

Vivyo hivyo malipo ya mwisho. Kwa kawaida sehemu fulani, mara nyingi karibu asilimia 10, huzuiwa hadi ripoti ya mwisho ikubaliwe, na hiyo huchukua miezi. Kwenu ingekuwa Euro 9,630 mkihesabu 90,000 na ile 6,300. Nani anazitanguliza? Iandikwe.

Tano, sarafu. Bajeti ni ya Euro, matumizi ni ya shilingi. Euro 90,000 kwa kiwango cha shilingi 2,800 ni milioni 252. Shilingi ikiimarika hadi 2,600 inakuwa milioni 234. Milioni 18 zimeyeyuka bila mtu kuiba. Wekeni kifungu kwamba kiwango kikibadilika kwa zaidi ya asilimia 5 bajeti na malengo vinapitiwa upya kwa pamoja. Msikubali sentensi isemayo kwamba hasara yote ya ubadilishaji ni ya mtekelezaji.

Sita, gharama zitakazokataliwa na mkaguzi. Hapa lawama mara nyingi ni halali, kwa hiyo jiangalieni. Kinachokataliwa sana ni orodha ya mahudhurio isiyo na saini au yenye saini zinazofanana mwandiko, posho iliyolipwa kwa kiwango tofauti na sera yenu wenyewe, manunuzi bila profoma tatu pale sera inapozitaka, risiti ya mkono mahali ambapo muuzaji alipaswa kutoa ya EFD (mashine ya risiti za kodi), mshahara wa mtu anayehesabiwa nusu muda bila karatasi ya kuonyesha saa alizofanya, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Hiyo VAT ijadilini kabla, kwa sababu mfadhili anaweza asiilipe na msamaha wa kodi hauji wenyewe, unaombwa. Nyaraka zote mzitunze angalau miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Kisha soma kifungu cha dhima: je, kila mbia anarudisha kile alichotumia vibaya yeye, au wote mnabeba deni la yeyote? Ya pili msiikubali. Na pale ambapo gharama ilikataliwa kwa sababu kiongozi alitoa maelekezo mabaya, alipe yeye. Weka kwamba maelekezo yote ya fedha yaje kwa barua pepe, si kwa simu.

Kuhusu mradi kukatwa ghafla, hakuna haja ya kubuni mfano. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 2025 USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Mashirika yaliyokuwa yakipata fedha hizo kupitia wakandarasi yalipata agizo la kusimama kazi usiku mmoja, mengine yakiwa na matumizi ambayo hayajarejeshwa. Aliyekuwa na kifungu cha kulipwa kazi iliyokwisha kufanywa, pamoja na notisi za wafanyakazi, alikuwa na cha kudai. Fedha zenu si za Marekani, ila bajeti za misaada zinapunguzwa hata Ulaya. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kushuka hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Dai notisi ya siku 60 na malipo ya gharama ambazo tayari mmejifunga nazo kwa mikataba halali.

Takwimu na picha zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe unayekusanya majina, namba za simu na ekari za wakulima. Inaweka masharti pia pale taarifa zinapopelekwa nje ya nchi. Andiko likisema kanzidata ya wakulima 3,000 itakaa kwa kiongozi, uliza: nani mmiliki, itatumika kwa lipi, na mradi ukiisha itafutwa au itauzwa kwa mnunuzi wa ufuta? Mkulima aambiwe hayo kwa Kiswahili kabla hajatoa jina. Picha nazo ziombewe ridhaa kwa kila matumizi, na ridhaa iweze kuondolewa. Hofu ya wajumbe wako wa bodi kuhusu picha inatibika kwa ukurasa mmoja wa makubaliano: picha ya mkulima wa Lindi haitumiki kwenye kampeni ya kuchangisha fedha bila idhini yenu ya maandishi, na nembo yenu inakaa kwa ukubwa uleule na za wenzenu.

Wataomba pia muwe na sera ya kuzuia unyanyasaji. Tangu kashfa ya wafanyakazi wa Oxfam nchini Haiti ilipofichuliwa Februari 2018, hakuna mfadhili wa maana asiyeidai, na ni sawa kabisa. Ila sera ifanye kazi pande zote mbili. Mkulima au mfanyakazi wako awe na njia ya kumlalamikia mtu wa shirika la Ulaya, na lalamiko lisimfikie huyohuyo anayelalamikiwa.

Upande wa nyumbani usisahau Msajili. Kwa kanuni za mwaka 2018 za Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unawasilishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa, na fedha mlizopokea zinatangazwa kwa umma. Pitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye ndiye msajili msaidizi, akuonyeshe utaratibu wa sasa kabla ya kusaini. Siku 10 zinakwisha haraka mtu akiwa bado anatafuta muhuri. Mweleze mbia wako kuhusu sharti hili mapema ili nakala kamili ya mkataba isiwe siri ya kiongozi peke yake.

Wachunguzeni wao pia. Ninyi mtajaza dodoso la uwezo lenye maswali mengi mpaka kuhusu kabati la nyaraka, kwa hiyo nanyi mna haki ya kuuliza. Omba hesabu zao zilizokaguliwa za miaka miwili. Omba majina ya mashirika mawili ya Afrika waliyofanya nayo kazi, mmoja aliyebaki na mmoja aliyeondoka, kisha pigia simu yule aliyeondoka. Swali moja linatosha: fedha zilikuwa zikifika kwa wakati?

Mnaweza kujiuliza kama shirika dogo lina nguvu gani ya kudai yote haya. Linayo, kwa sasa zaidi kuliko baadaye. Wito mwingi wa maandiko unataka mbia wa ndani au unampa alama. Mwaka 2016 mjini Istanbul wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada ya kibinadamu waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha ziwafikie watendaji wa ndani kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana. Ahadi haikutimia, na tangu hapo kila mwombaji kutoka Ulaya anajua ataulizwa wenyeji wako wapi. Zikiwa zimebaki siku tisa, kumpata mbia mwingine Lindi mwenye usajili hai, hesabu zilizokaguliwa na imani ya wakulima si kazi rahisi. Baada ya kusaini, nguvu hiyo inahamia kwao.

Msidai kila kitu kwa uzito mmoja, lakini. Siku zinahesabika, na kiongozi naye ana wabia watatu wengine wa kuwasubiri. Tungeshikilia mambo manne bila kulegea: nafasi ya mwombaji mwenza iliyoandikwa, asilimia 7 yenu, dhima ya kila mmoja kwa makosa yake, na viti vya AMCOS vyenye kura. Kutanguliza fedha, sarafu na notisi vinaweza kujadiliwa baada ya ombi kupita, mradi barua ya sasa iseme kwamba mkataba wa ndani utakubaliwa na pande zote kabla fedha hazijaanza kutoka, na kwamba ninyi mnaweza kujitoa bila deni mkishindwa kukubaliana. Sentensi hiyo moja iongeze kwenye barua waliyokutumia, kwa kalamu ikibidi, na bodi iweke saini pembeni yake.

Leo tuma barua pepe ya kuomba vile vitu vinne, ukitaja siku ya tatu kama mwisho wa kuvipokea. Siku ya nne mhasibu na mjumbe mmoja wa bodi wapitie bajeti mstari kwa mstari, wakitazama hasa mishahara ya Ulaya na nauli za ndege dhidi ya kinachofika Lindi. Siku ya tano ongea na viongozi wa AMCOS mbili au tatu na mtu wa chama kikuu, maana huenda wakakataa wazo lenyewe, na ni afadhali likataliwe sasa. Siku ya sita bodi ikutane. Siku ya saba tuma marekebisho, ubakishe mbili za kujibizana.

Wakikataa yale manne, waandikieni kwa heshima kwamba mko tayari kuwa washirika wasio na bajeti, bila nembo yenu kwenye jedwali la watekelezaji, mkitoa ushauri kuhusu soko la ufuta kwa nauli na posho tu. Kisha fuatilieni matangazo ya ujumbe wa Umoja wa Ulaya jijini Dar es Salaam. Baadhi ya wito wake huruhusu mashirika ya Tanzania kuwa waombaji wakuu, na ninyi mnaweza kuingia na shirika jingine la kusini, la Mtwara kwa mfano, lenye mhasibu wa kutwa na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa.